Dakika Tano za Binadamu

Mkuu wa kituo cha polisi alimpa Sindano hadi saa nane mchana.

"Mzee amekiri mwenyewe, mwandiko ni wake, kadi ni zake," alisema kwenye simu huku akitafuna kitu. "Wewe huko unatafuta nini? Ikifika saa nane namsomea shitaka la kuua bila kukusudia, mambo yaishe."

Sindano lilikuwa jina la kazini. Wenzake walimpa kwa sababu hakuwa mtu wa kufoka wala kupiga meza; alichoma padogo tu, kisha akavuta uzi polepole mpaka nguo yote ikafumuka. Kwa miaka ishirini alikuwa amevuta nyuzi nyingi, na mara nyingi alichokuta mwisho wa uzi hakikumfurahisha yeyote, yeye mwenyewe akiwamo. Alikata simu, akaurudia ubao wa ratiba ukutani mwa kiwanda.

Kiwanda kilikuwa kimya siku ya tatu sasa. Kilitengeneza makabati na vitanda vya chuma, na kila kilichotoka pale kilipitia hatua nne: kukatwa, kukunjwa, kuchomelewa, kisha kupakwa rangi na kuokwa. Wakataji walikuwa watatu na wachomeleaji tisa, lakini mashine ya kukunja ilikuwa moja na tanuri la rangi lilikuwa moja, kwa hiyo kiwanda kizima kiliishi kwa kuzingojea hizo mbili. Ubao ndio uliosema kazi gani ipite wapi na lini. Kila mashine ilikuwa na mstari wake wa misumari, kila kazi ilikuwa na kadi yake, na kwenye kadi kuliandikwa kwa penseli saa ya kuanza na saa ya kumaliza. Aliyepanga kadi hizo kwa miaka kumi na moja ni mzee mmoja aliyekuwa sasa amekalia sakafu ya mahabusu. Kiwandani walimwita Mzee Kadi.

Juzi, saa nne na dakika kumi asubuhi, fundi wa mashine aliyeitwa Grisi alikufa ndani ya mashine ya kukunja, kopo lake la grisi likiwa mkononi.

"Uliyebonyeza ni wewe," Sindano alimwambia mwanamume aliyesimama pembeni yake. Huyo alikuwa mwendeshaji wa mashine, mtu wa miraba minne ambaye wenzake walimwita Kobe kwa sababu alifanya kila kitu mbio.

"Ni mimi. Nimeshasema mara tatu, afande. Hata usingizini nasema."

"Na wiki iliyopita mligombana mbele ya watu."

"Alininyima dada yake. Alisema hataki shemeji anayenuka mafuta, yeye ambaye watu wamemwita Grisi mpaka jina lake wamelisahau." Kobe alicheka kidogo, akaacha. "Mtu akikunyima dada yake unamnunia, afande. Unaweza kumnunia hata mwaka. Huendi kumuua."

"Hamkuwa mnasemezana?"

"Siku tano. Ndiyo maana sikumwita kabla ya kubonyeza. Siku nyingine zote nilikuwa namwita, hata kama kadi haipo."

Alilisema hilo bila kuulizwa. Mtu mwenye hatia hutafuta neno la kumwokoa, na huyu alikuwa anatafuta la kumwangamiza. Sindano akamtoa katika orodha ya moyoni, ingawa kwenye daftari alimwacha.

"Kadi gani?"

"Nyeupe." Kobe alinyoosha kidole. Katika mstari wa mashine ya kukunja, kati ya kadi za manjano, kulikuwa na moja nyeupe isiyo na namba ya kazi. Ilining'inia kwenye saa nane mchana. "Kila siku inakaa saa nne. Maana yake mashine inapumzika nusu saa, Grisi anaingia kwa nyuma, analala chini, anapaka grisi. Mimi nikiiona hiyo kadi siigusi mashine hata mama yangu aje aniombe."

"Hakuna kufuli?"

"Lipo. Ufunguo uko kwenye droo ya meneja, na kuna fomu ya kujaza, na meneja lazima awepo asaini. Ukifuata kufuli, ile nusu saa inabaki robo. Basi kufuli letu likawa kadi nyeupe. Ikitundikwa, mashine imefungwa."

"Kufuli la karatasi."

"La karatasi, ndiyo. Ukilisema hivyo naona ni ujinga. Miaka kumi na moja haikuonekana ujinga." Akapangusa uso kwa kiganja. "Grisi alisoma ubao saa moja asubuhi, kama kawaida. Kadi yake ilikuwa pale pale saa nne. Mimi nikamaliza kazi namba tatu, mashine ikanyamaza, na yeye aliposikia imenyamaza akaingia. Lakini mimi nilipogeuka kuangalia ubao, saa nne palikuwa na kadi ya vitanda vya hospitali. Kazi ya dharura. Nikaenda na toroli kuleta mabati, nikarudi mbio, nikabonyeza."

"Mbio kwa nini?"

"Kwa sababu nilikuwa nimeshachelewa. Soma hapo."

Sindano alisoma. Kazi namba moja iliisha saa mbili na dakika kumi, namba mbili ikaanza saa mbili na robo. Namba mbili iliisha saa tatu na robo, namba tatu ikaanza saa tatu na dakika ishirini. Kisha mambo yakabadilika. Namba tatu iliisha saa nne kasoro dakika tano, na vitanda vikaanza saa nne kasoro dakika tano. Vitanda vilipoisha, namba saba ilianza dakika ileile. Na baada ya hapo kadi zilibanana vivyo hivyo mpaka jioni.

"Hizi dakika tano za asubuhi, kati ya kadi na kadi, ni za nini?"

"Za binadamu," alisema Kobe. "Mzee Kadi huziita hivyo. Mtu anywe maji, akojoe, apige chafya. Mimi huwa nakwenda kwenye pipa la maji." Alielekeza kidevu nyuma ya mashine. "Pipa liko nyuma ya mashine, afande. Miguu ya Grisi inaonekana ukiwa pale."

Wote wawili wakatazama pipa. Kikombe cha plastiki kilikuwa bado kimefunikizwa juu yake.

Karani wa ofisini alishuka ngazi wakati huo, msichana mwembamba mwenye faili kifuani. Alimpa Sindano nakala ya agizo la vitanda: thelathini, viwe tayari kupakiwa saa kumi alasiri. Kisha hakuondoka.

"Afande, samahani. Mjomba amekula?"

"Mjomba nani?"

"Mzee Kadi," karani alisema haraka, akapanda ngazi.

Sindano alitoka nje. Getini alisaini daftari la mlinzi, na kwa mazoea ya kazi akafunua ukurasa wa juzi. Lori la kuchukua vitanda liliingia saa kumi na dakika arobaini, likatoka tupu. Aliandika hilo kwenye kijitabu chake bila kujua atalifanyia nini.

*

Mzee Kadi alikuwa mtu mdogo, mkavu, mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alisimama Sindano alipoingia, kama ilivyo adabu ya watu wa zamani, ijapokuwa yeye ndiye aliyekuwa na mvi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, mwanangu. Naona umekuja na karatasi. Nisaini wapi?"

"Leo husaini. Nimekuja unifundishe." Alimwekea penseli na karatasi kwenye benchi. "Mimi ni mbumbumbu wa viwanda. Nionyeshe ulivyopanga siku ile ulipoambiwa vitanda vitoke saa kumi. Kazi ni hizi, muda wa kila moja ni huu, kutoka kwenye kitabu chenu."

Mzee aliitazama penseli kama mlevi anayeitazama chupa. Siku tatu alikuwa hajashika kitu mkononi. Akaketi.

"Siri ni kujua nani anamngoja nani," alianza, na sauti yake ikawa ya mwalimu. "Mashine ya kukunja inalisha, tanuri linakula. Kazi inayopita upesi kwenye kukunja itangulie, ili tanuri lisikae na njaa asubuhi. Kazi inayookwa upesi iwekwe mwisho, ili ukishamaliza kukunja usikae unalingoja tanuri jioni. Ukishika hilo tu, umewashinda mameneja wengi." Penseli ilikwenda bila kusita. Namba moja, namba mbili, namba tatu. Saa nne aliandika neno nyeupe, akalizungushia duara, akaendelea.

Sindano aliuangalia mkono wa mzee. Kila alipomaliza kazi moja, mzee aliruka dakika tano kabla ya kuanza nyingine. Hakufikiri. Aliruka kama mtu anavyoruka ngazi mbovu ya nyumbani kwake.

"Sasa vitanda," alisema mzee. "Ni thelathini. Ukivipeleka vyote kwa pamoja, tanuri litakaa bure likisubiri cha thelathini kikunjwe. Unavigawa. Kumi na tano vinakunjwa, vinachomelewa, vinaingia motoni, wakati kumi na tano vingine ndiyo vinakunjwa. Hapo unaokoa muda mwingi bila kumgusa mtu."

"Juzi vitanda havikugawanywa. Kwenye ubao vina kadi moja."

"Hilo la kugawa bado sijam—"

Penseli ilisimama.

"Bado hujamfundisha," alimalizia Sindano. "Mzee, umeniandikia ratiba nzima na humo mna dakika tano za binadamu kila mahali. Kwenye ubao, kuanzia saa nne kasoro, hakuna hata moja. Aliyezihamisha zile kadi anaijua hesabu yako, lakini hajawahi kuona watu wakinywa maji. Yuko ofisini, juu. Anaandika tarakimu kama zako kwa sababu wewe ndiye uliyemshika mkono. Na kiwandani kote, anayekuita Mjomba ni mmoja."

"Ni mtoto wa marehemu dada yangu," alisema mzee. "Nimemlea tangu ana miaka sita. Hesabu inamwingia kama maji kwenye mchanga. Nilimfundisha mezani, jioni, kwa vifuniko vya chupa. Vifuniko vyekundu kazi, kimoja cheupe." Akavua miwani. "Aliniuliza, Mjomba, hiki cheupe ni nini? Nikamwambia ni nafasi tu. Nafasi, mwanangu. Sikumwambia kuna mtu ndani. Nilikuwa na haraka ya kumwonyesha hesabu."

"Ulikuwa wapi saa tatu na nusu?"

"Ghalani, nahesabu mabati. Niliposikia kelele nikaja, nikausoma ubao, nikajua mkono ni wa nani kabla sijajua nani amekufa. Niache nilivyo. Mimi nimebakiza miaka mingapi? Yeye ana ishirini na mbili."

"Ulikiri uongo, Mzee."

"Nilikiri kweli. Mbegu niliitia mimi."

Sindano alikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Alikuwa na hasira, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba hakujua amkasirikie nani. Mlangoni aligeuka.

"Hii ratiba yako inamaliza vitanda saa ngapi?"

Mzee hakuhitaji kuitazama. "Saa kumi na dakika nane."

*

Meneja alimpokea kwa kiti na soda baridi. Mezani kwake, chini ya kioo, palikuwa na fomu za kufuli, safi, hazijaandikwa.

"Nani aliagiza ratiba ibadilishwe?"

"Hakuna aliyeagiza ratiba ibadilishwe," alisema meneja kwa upole. "Mteja alipiga simu saa tatu. Nikapita kwa karani, nikamwambia anitafutie saa moja. Basi."

"Kwa nini yeye, na mpanga kazi yuko?"

"Mzee ukimwomba saa moja anakuuliza maswali ya robo saa. Binti ni mwepesi. Ameshanifanyia hivyo mara mbili tatu kwenye karatasi, vizuri kabisa."

"Alipokutafutia hiyo saa, ulimuuliza ameitoa wapi?"

"Afande, mimi niliomba saa. Sikusema itoke wapi." Alifungua mikono. "Na taratibu za usalama zipo. Kufuli lipo, fomu ndizo hizi. Marehemu, Mungu amrehemu, hakuwahi kujaza hata moja."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Sindano aliiacha soda ikitoa jasho mezani, akatoka. Alijua mwanasheria yeyote wa serikali atamsikiliza yule bwana na kutikisa kichwa kwamba amesema sawa. Katika maneno yake yote hapakuwa na hata moja la uongo.

*

Ilikuwa saa saba na dakika ishirini. Chumba cha karani kilikuwa kidogo, kikiwa na dirisha la kioo lililotazama chini kiwandani, na kutoka pale juu ubao ulionekana wote, misumari na kadi. Watu ndio hawakuonekana vizuri. Mashine ya kukunja ilionekana paa lake tu.

Sindano alifunga mlango, akaketi, akamwekea karatasi ya maelezo.

"Andika saa uliyoshuka kwenye ubao."

Karani alimtazama. Kisha akachukua kalamu, akaandika saa tatu na dakika ishirini na saba, kwa tarakimu. Saba yake ilikuwa na mkanda katikati, kama saba zote za ubaoni.

"Ulijua lini?" aliuliza Sindano.

"Siku ileile. Waliposema alikuwa ndani akipaka grisi, nikauliza huwa anapaka saa ngapi." Aliiweka kalamu chini. "Nilitaka kusema. Nikashuka mpaka mlangoni. Nikakuta Mjomba anatolewa na polisi. Akanitazama, akatikisa kichwa. Nikarudi."

"Ukakaa siku tatu."

"Nikakaa siku tatu. Nimekuwa nikimpikia, chakula kinarudi."

"Anza mwanzo. Meneja alikwambia nini? Neno kwa neno."

"Alisema, nitafutie saa moja."

"Kwa maandishi?"

"Kwa mdomo. Alikuwa anapita tu, hata hakusimama." Alishika kichwa. "Nikatazama ratiba. Kazi zote zilikuwa zimekaa mahali pake, huwezi kumrekebisha Mjomba. Kitu pekee kilichokuwa hakifanyi kazi ni zile dakika tano tano, na kile cheupe. Nikasema nafasi ni nafasi, hata ikikaa saa nane ni ileile. Sikuifuta, afande. Niliihamisha. Nilijiona nimefanya jambo la akili." Hapo ndipo alipolia, kidogo tu, akajifuta kwa upande wa mkono kama mtu anayefuta wino. "Vitanda vingetoka saa kumi kasoro dakika mbili. Nilifurahi. Nilikwenda nikamwambia meneja, akasema safi sana."

Sindano aliandika. Aliandika pia lile la safi sana, ingawa alijua halitamfunga mtu. Kisha, kwa sababu msichana angekuja kuiona mahakamani vilevile, akatoa karatasi ya mzee, akaifungua mezani.

"Mjomba wako ameifanya leo asubuhi. Kichwani, bila kitabu. Hiki cheupe kipo mahali pake."

Karani aliinama juu yake. Kidole chake kilipita kazi moja baada ya nyingine, kikafika kwenye vitanda, kikasimama.

"Amevigawa," alisema. "Kumi na tano, kumi na tano." Alirudia mstari wote tena kutoka mwanzo, akijumlisha kimyakimya, na Sindano akamwona anatafuta kosa, anaomba kosa liwepo. Halikuwepo. "Saa kumi na dakika nane."

"Ndiyo."

"Tungechelewa dakika nane." Aliinua macho. "Lakini lori lilikuwa la saa kumi. Meneja alisema likifika halingoji. Si lingeondoka, afande? Lingeondoka bila vitanda."

Sindano alikuwa na kijitabu chake mapajani. Angeweza kusema ndiyo, lingeondoka, na msichana angepata kitu kidogo cha kukalia katika miaka iliyokuwa inamngoja. Lakini hajawahi kudanganya ndani ya maelezo, na saa ilikuwa inakwenda, na mzee alikuwa anakaribia kusomewa shitaka lisilo lake.

"Lori liliingia getini saa kumi na dakika arobaini," alisema.

Karani hakushtuka. Alirudisha macho kwenye karatasi, na midomo yake ikacheza tena, ikijumlisha na kutoa, kwa sababu hakujua kufanya kitu kingine.

"Thelathini na mbili," alisema mwisho. "Kulikuwa na dakika thelathini na mbili za bure. Na kile cheupe ni thelathini." Aliligusa duara la mjomba wake kwa ncha ya kidole. "Grisi angeingia na kutoka mara mbili."

Sindano alimsogezea maelezo, akamwonyesha mahali pa kusaini.